Watoto Wetu na Majina ya Nchi Yao

Hotuba ya Halmashauri ya Elimu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Halmashauri ya Elimu imepewa nafasi ya kusema machache kabla ya hesabu za mwaka kusomwa, nasi twashukuru. Tulipotaja habari tutakayoisema leo, mwanachama mmoja alituuliza: Chama cha Ustawi kina kazi gani na ndege na vipepeo? Je, si chama cha kuzika maiti, kuuguza wagonjwa na kulipa karo za watoto wa maskini? Swali lake ni la haki, na hotuba hii yote ni jibu lake.

Mwaka huu tuliopita tulimzika mzee wetu mmoja aliyejua miti. Hatutamtaja jina, kwa kuwa nyumba yake ingali katika majonzi, lakini nyote mwamjua. Hakuna aliyeingia msituni pamoja naye asitoke na elimu. Aliujua mti kwa gome lake, kwa harufu ya jani lililosuguliwa kiganjani, hata kwa mlio wa shoka juu yake. Siku ya tatu baada ya maziko alitujia mjukuu wake, mwanafunzi wa shule, akatuonyesha daftari. Ndani yake alikuwa ameanza kuandika majina ya miti kama babu yake alivyomtajia. Kurasa chache za mwanzo zimejaa. Zilizobaki ni tupu. Kijana alituambia, “Babu alisema tutaendelea mvua zikikatika.” Mvua zilikatika, naye mzee hakuwapo.

Wanachama, hakuna benki iwezayo kutukopesha kurasa zile. Tukipoteza fedha, twaweza kuchanga tena. Elimu iliyozikwa haichangwi.

Basi tulikwenda katika shule moja ya jirani, tukawaomba watoto watutajie wanyama na ndege. Walitaja simba, twiga na ndovu. Mmoja akamtaja chui milia wa Bara Hindi, ambaye hajapata kukanyaga nchi hii. Tukawaonyesha kwa dirisha mti uliowatilia kivuli kila siku tangu waingie shuleni, tukauliza jina lake. Wakatazamana. Hatukuwalaumu watoto, wala walimu wao, ambao wengi wametoka mbali na hawakulelewa katika nchi hii. Lawama ni yetu sisi tuliozaliwa hapa. Mtoto hujua alichoonyeshwa, nasi hatukumwonyesha.

Tena yatupasa tujue kwamba kitu hiki tunachokipuuza ni hazina ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio mgongoni mwetu, una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, na katika misitu mikavu ya pwani iliyosalia Afrika ya Mashariki hakuna uushindao kwa ukubwa. Ndani yake mna sura tatu. Iko sehemu ya miti mchanganyiko, ambamo huota mbambakofi, mti uliowapa mafundi wetu mbao za milango na masanduku. Iko sehemu ya mrihi, katika mchanga mweupe, ambamo jua hupenya na ndege huwa wengi. Na iko sehemu ya udongo mwekundu, yenye vichaka vilivyosongamana hata mtu hapiti ila kwa kuinama. Kila sura ina viumbe wake, na aharibuye moja hawezi kusema kwamba zimebaki mbili za kutosha. Ndiyo maana ya neno bioanuwai ambalo watoto hulisoma leo vitabuni: wingi wa namna za viumbe, na jinsi kila namna ilivyoegemea nyingine.

Twawapa mifano mitatu, ili mkifika nyumbani muwasimulie watoto.

Wa kwanza ni sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu ichezayo-chezayo, akimbiaye juu ya majani makavu akitafuta wadudu. Hujenga kiota chake chini, kwa majani hayohayo, na dume na jike wake huishi pamoja katika eneo lao. Makao yake makuu duniani ni msitu huu wetu. Mtego wa kamba uliowekewa paa humnasa na yeye pia, ijapokuwa nyama yake haitoshi kitoweo cha mtu mmoja.

Wa pili ni bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake hauzidi shubiri. Wataalamu walimjua katika mwaka 1965 tu, na mbali na hapa kwetu hupatikana katika misitu ya chini ya Usambara, Tanzania. Twajua kwamba wengi wetu tulilelewa kumwogopa bundi na kumtupia mawe, tukisema ni ndege wa kisirani. Lakini huyu hula wadudu, hakai juu ya paa la mtu, wala hajapata kumwulia mtu mwanawe. Wageni husafiri maelfu ya maili wapate kumwona mara moja, na waongozi wa njia, ambao ni vijana wetu, hulipwa ujira kwa kuwaonyesha mti alalapo.

Wa tatu ni mnana wa Clarke, ndege wa manjano na mweusi. Aliandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1913, na katika dunia nzima hapatikani ila katika Kaunti ya Kilifi. Miaka 100 ilipita pasi na mtaalamu kujua anazalia wapi. Hatimaye, mwaka 2013, viota vyake vilionekana katika dimbwi la msimu huko Dakatcha, bara ya Malindi, na wenyeji wa mahali pale walikuwa na sehemu katika kumtafuta na wana sehemu katika kumlinda. Tazameni: dimbwi ambalo mpita njia hulidharau, likikauka haliitwi hata ziwa, ndilo kitanda cha uzazi cha ndege asiye na makao mengine duniani. Mtu akilifukia apande mananasi, au akiikata mirihi inayolizunguka achome makaa, atakuwa amefuta jina zima, naye hana habari.

Upande wa pili tuna bahari. Katika pwani ya Kenya kuna namna 9 za miti ya mikoko, nasi tulio karibu na hori ya Mida twaiona mingi kati ya hiyo kila siku. Wazee mwaijua kwa matumizi yake: mkoko wenyewe utoao boriti, mkandaa wenye gome la kutia rangi na kulainisha ngozi, muia, mchu, mlilana utoao mataruma ya vyombo, na mkomafi. Mtoto wa leo huyaita yote “mikoko,” akanyamaza. Hajui kwamba kamba, kaa na samaki wengi hukua wakiwa wadogo katika mizizi ile, na kwamba baba yake akirudi na dema tupu, huenda sababu ni shoka la jirani. Hajui pia kwamba ndege wale wanaotembea topeni maji yakipwa, wengine wametoka Asia na kaskazini ya Ulaya, na mwaka ujao watarudi palepale, ikiwa tope na mikoko bado ipo.

Basi wazee wetu walilindaje haya yote, nao hawakuwa na askari wa misitu? Walilinda kwa mafunzo. Kaya zetu ni ushahidi. Mtoto alifundishwa mahali pa kuvua viatu, mti usiokatwa, njia isiyopitwa, siku isiyoingiwa. Hakuambiwa neno bioanuwai. Aliambiwa adabu, na adabu ile ikatosha kuhifadhi misitu kwa mamia ya miaka, hata mwaka 2008 UNESCO ikaziandika misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, 2009, shirika lilelile likaziandika mila za Kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Yazingatieni maneno hayo mawili: kwa haraka. Msitu umepewa heshima, lakini elimu iliyouhifadhi imetangazwa kuwa mgonjwa mahututi.

Hapa twajua kuna wazee wenye hofu, nao wametuambia kwa siri. Wasema: tukiwaingiza watoto wa shule na madaftari, siri za Kaya zitatoka, na dawa zetu zitachukuliwa na watu wa mbali wapate utajiri, nasi tubaki na kikohozi chetu. Hofu hiyo hatuicheki. Jibu letu ni kwamba twawaomba mfundishe majina na adabu, si siri. Jina la mti, mahali uotapo, ndege apendaye matunda yake, mwezi utoapo maua, na sababu ya kutokatwa: hayo si siri. Dawa na maneno yake yabaki kwa mwenyewe, na lisiandikwe neno pasipo idhini yake. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, yaiagiza Serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii juu ya viumbe hawa, na yamwagiza kila mtu ashirikiane katika kuhifadhi mazingira. Kwa hiyo sheria iko upande wa mzee ajuaye. Lakini sheria haiwezi kulinda elimu ambayo mwenyewe amekwenda nayo kaburini.

Wapo pia wazazi walionung'unika kwamba mtoto alipelekwa shuleni atoke porini, na sasa mwalimu amrudisha porini. Twawajibu kwa upole. Elimu hii imo katika mtaala: madarasa ya chini hufundishwa somo la mazingira, na mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, wataka mtoto atende na aone, si kukariri tu. Mtoto ahesabuye ndege asubuhi amefanya hesabu. Mtoto aandikaye habari za mti kwa Kiswahili safi amefanya insha. Na jambo hili si geni katika nchi yetu: Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968, na watoto wengi walioingia katika vilabu hivyo leo ni wazee wenye mvi.

Lakini tuseme na lililo zito zaidi. Mwenye njaa hasikii hotuba. Alipoulizwa mwananchi wa kando ya msitu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi walijibu kwamba afadhali ukatwe wapate mashamba, maana waliona ndovu wakila mahindi yao na hawakuona faida. Hawakuwa watu waovu. Walikuwa wakulima waliohesabu, na hesabu yao ilitoka hasara. Kilichobadili hesabu hiyo kwa wengi kilikuwa kazi na karo. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo huko Gede: mkulima hulea viwavi kwa majani ya miti ya msitu, nao wakiisha kujifunga katika magamba yao huuzwa Ulaya na Marekani kwa nyumba za maonyesho. Bila msitu hakuna mbegu ya vipepeo, na mkulima alijua hilo pasipo kuambiwa na askari. Tangu mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lina mpango wa kuwasaidia karo za sekondari watoto wa jamaa zinazoishi kando ya Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, na sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaokuja kutazama viumbe. Na huko Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja, tangu mwaka 2013, huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko yao, na mapato huingia katika maji na shule za vijiji vyao.

Twataja hayo ili ijulikane kwamba mti uliosimama unaweza kulipa karo. Wala hatusemi kwamba hulipa karo za watoto wote. Wengi hawajafikiwa, na ahadi isiyotimizwa huua hamu ya kulinda. Kwa sababu hiyo mtoto afundishwe yote mawili: uzuri wa kiumbe na hesabu yake.

Yapo na mengine ya kuwafundisha ambayo si ya kusifu tu. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakaonekana Mombasa mwaka 1947, na leo hula mayai na makinda ya ndege wadogo pwani nzima. Mwarobaini nao ni mgeni kutoka Bara Hindi. Twaushukuru kwa dawa yake, na wachongaji wameutumia badala ya muhuhu uliokatwa hata ukawa haba. Hata hivyo ndege huisambaza mbegu yake, ukaota ndani ya Kaya na kuisonga miti ya asili. Mtoto mwenye elimu hatasema, “Mti ni mti, panda wowote.” Atauliza: mti gani, na wapi?

Bwana Mwenyekiti, kabla ya kuomba lolote, Halmashauri yataka kukiri kosa. Banda hili tulilokaa liliezekwa na Chama hiki hiki. Boriti zilizo juu ya vichwa vyetu zilinunuliwa usiku, kwa bei nafuu, nasi hatukuuliza kibali. Katika karamu yetu ya mwaka tulipikia magunia ya makaa ambayo hatukuuliza yametoka wapi. Siku tulipowaleta watoto hapa kuwafundisha habari za mikoko, mtoto mmoja wa kike aliinua macho, akatazama juu, akauliza, “Na hii je?” Hatukuwa na la kumjibu. Twalisema hapa mbele yenu ili liandikwe katika taarifa ya mwaka, maana mwalimu asiyekubali kusahihishwa hana haki ya kushika chaki.

Basi twaleta maombi manne, tukitumaini mkutano utayakubali.

La kwanza: kila tawi la Chama lichague wazee wawili, mwanamume na mwanamke, watakaofuatana na darasa moja la shule ya jirani siku moja katika kila muhula, msituni au mikokoni, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wasimamizi wa msitu, na pamoja na mwongozi ajuaye njia za ndovu. Twasema na mwanamke kwa makusudi, kwa sababu mboga za mwitu, kuni na dawa za watoto wachanga ni elimu ambayo mama zetu wanayo kuliko sisi.

La pili: daftari la yule kijana lisiachwe. Kila shule iwe na daftari la viumbe, lenye jina la kwetu, jina la Kiswahili, mahali, mwezi, na adabu yake. Nakala moja ikae shuleni na nyingine katika ofisi ya Chama. Mzee atakayesimulia jina lake liandikwe juu ya ukurasa, ili wajukuu wajue walichoachiwa na nani.

La tatu: Chama kitenge sehemu ya kiwanja chake iwe kitalu cha miti ya asili kitakachotunzwa na wanafunzi. Kianze na mbambakofi, ambao mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu watoto huzipenda kwa kuchezea. Waonyeshwe kwamba kitu wanachokichezea ni mlango wa nyumba ya mjukuu wao.

La nne: tangu leo Chama kisinunue boriti wala makaa pasipo kuona kibali. Banda hili hatutalivunja. Litabaki liwe ukumbusho. Lakini litakapofanyiwa matengenezo, tutende tunavyofundisha.

Gharama ya yote haya ni ndogo, nayo imeonyeshwa katika makisio mtakayosomewa. Gharama kubwa ni muda wa wazee, nao hauuzwi dukani. Twajua magoti yanauma na jua ni kali. Lakini udongo uwahi ungali maji, na watoto hawa wangali wanauliza maswali. Itafika siku hawatauliza tena.

Tulianza na swali la mwanachama mwenzetu: Chama cha Ustawi kina kazi gani na ndege na vipepeo? Jibu letu ni hili. Sisi ni chama cha kuzika, na kazi hiyo tutaifanya kwa heshima kila itakapotupasa. Twaomba tu tusizike mara mbili kwa siku moja, mzee pamoja na kila alichokijua.

Yule kijana tumemwalika, naye amekaa pale nyuma na daftari lake. Mkutano ukiisha, mzee yeyote akumbukaye jina la mti mmoja na amwendee, amtajie. Kalamu anayo.